Kumi Wasipotimia

Tangu nije Pwani nimesikia shuhuda nyingi. Jumapili, kuanzia Mikindani hadi Kisauni, mtu husimama mbele ya kipaza sauti akaeleza alivyokwama, alivyofunga na kuomba, na jinsi simu ilivyolia kabla ya wiki kwisha: kazi imepatikana, deni limefutwa, mtoto ameamka kitandani. Sizidharau. Baadhi ya wasemaji ni jirani zangu na najua walikotoka. Ila ushuhuda wangu mimi hauna simu iliyolia. Mimi ni Myahudi wa Mbale nchini Uganda, katika jamii ya Abayudaya, nakaa Likoni, na katika miaka niliyobanwa hapa Mombasa sikuona muujiza hata mmoja ninaoweza kuuonyesha kwa kidole. Kusali nilisali, tena kwa machozi. Lakini kilichonitoa pale nilipokuwa ni masomo.

Swali linalofuata nalijua, maana huulizwa kila nikijitambulisha: Wayahudi weusi wametoka wapi? Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, akitaraji watamfanya mfalme wa nchi aliyoiteka. Hawakumfanya. Akakaa Mbale na kinyongo chake, akajiunga na madhehebu ya Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, akazama katika Biblia ya Kiganda, hasa vitabu vile vitano vya mwanzo. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia kwamba tohara ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba basi wao ni Wayahudi. Hakuna rabi aliyekuwa amefika Mbale. Mwaka uliofuata ndipo alipopita Myahudi mgeni aitwaye Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na uchinjaji. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu chake cha sala na maagizo, kurasa 90, na mwaka 1928 akafariki. Wenzetu wa Yemen au Poland wamerithi dini kwa damu, baba kwa mwana. Sisi tuliifikia kwa kusoma, na ndiyo maana sikuona ajabu nilipoelekezwa kwenye kitabu siku nilipotaka kitu kingine kabisa.

Babu yangu alikuwa mwalimu, ingawa hakuwahi kulipwa. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yetu katika miaka ya 1970, masinagogi yalifungwa, wengi wakaingia Uislamu au Ukristo, na jamii iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ikabaki na mia chache. Babu aliwafundisha watoto usiku migombani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni, na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ya kuingia Pasaka yetu. Vijana kwetu husimulia kana kwamba bahari ilipasuka palepale. Babu hakuipenda simulizi hiyo. Askari wa Amin waliokuwa wakikimbilia mashariki walikuwa bado Mbale, wana njaa na wana bunduki, na usiku ule familia yetu ilikula mikate isiyotiwa chachu taa ikiwa imezimwa. “Habari njema ilikuwa Kampala,” alikuwa akisema. “Sisi tulikuwa Mbale.”

Mimi nilishuka Mombasa nikiifuata kahawa. Kahawa ya Mlima Elgon huvuka Malaba kwa lori ikaja kushushwa Changamwe kabla ya kupakiwa melini Kilindini, na kampuni ya kutolea mizigo forodhani ilihitaji karani anayejua Kiganda, Kigisu na tabia za madereva wa Uganda. Nikapanga Magongo. Maisha hayakuwa mabaya. Chakula hakikunisumbua, maana Torati inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba, na Pwani ukiwa na changu, nguru na wali wa nazi huna cha kulalamikia. Pweza wa kukaanga wa pale feri nimemnusa tu. Kichwa nacho hufunikwa, na mwanamume mwenye kofia Mombasa huamkiwa “Asalaam aleikum” kutoka kila baraza. Naitikia. Nikiwa na nafasi naketi nikaeleza dini yangu; nikiwa naiwahi feri, yaishe hapo.

Kueleza kwenyewe si kwepesi kila siku. Wazee wa Changamwe hawajasahau asubuhi ya 28 Novemba 2002, makombora mawili yalipoikosa ndege ya Waisraeli iliyokuwa ikipaa uwanja wa Moi, na huko Kikambala hoteli ya Paradise ikalipuliwa. Wakenya kumi walikufa pale, wakiwemo waliokuwa wakiwachezea wageni ngoma ya makaribisho. Tangu Oktoba 2023 maswali yamekuwa makali zaidi, na anayeniuliza mara nyingi ana uchungu wa kweli kwa ajili ya watu wa Gaza. Nami ninao. Nimejifunza kusikiliza mpaka mtu amalize.

Nilichokosa hasa ni watu. Kusoma Torati kwenye gombo lake, baadhi ya sala za pamoja, na Kadishi anayoisema mfiwa, vyote huhitaji watu wazima kumi. Kumi wasipotimia huwezi. Nairobi wapo, jamii yao ni ya tangu 1904. Kasuku kule Nyandarua kuna wakulima waliojiunga na njia hii. Mombasa Wayahudi wamekuwa wapita njia tu: wakimbizi wa Ujerumani wa miaka ya 1930 walishuka Kilindini, wakapanda treni, wakaenda zao bara. Huku Mombasa, kwa kadiri ya macho yangu, kumi ni mimi peke yangu.

Basi mwezi Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya kwenda Nairobi na bara yapakiwe kwenye reli ya SGR na kulipiwa ushuru huko Embakasi. Anayekaa Changamwe hahitaji kuelezwa maana yake. Yadi zikapoa. Dereva hana safari, utingo hana posho, mama wa chapati na maharagwe pale Magongo anarudi nyumbani na sufuria imejaa, fundi wa tairi analala juu ya tairi zake. Watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu wakiwa na mavazi meusi, na mwezi Oktoba amri ikasitishwa, lakini kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa imeshatupunguza. Makarani tuliambiwa tukasubiri nyumbani. Mishahara ya nyuma tuliyokuwa tukidai ingelipwa hali ikitengemaa. Nikauza friji, nikavuka na godoro na sanduku la vitabu hadi Likoni, chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, milango inatazamana ukumbini na choo kiko uani. Kodi ilikuwa nusu ya ile ya Magongo, na kivukoni mtembea kwa miguu halipi.

Vibarua vilikuwapo, vingi vya Jumamosi, siku ambayo msimamizi wa yadi hutaka mikono mingi ya kuhesabu mzigo. Sabato sifanyi kazi. Nilimweleza, akanitazama kama mtu anayekataa maji jangwani, na baada ya hapo hakunipigia tena. Sikumlaumu, ila nilipokuwa nikirudi nyumbani mikono mitupu Ijumaa jioni, nikiwasha mishumaa miwili ya kupotea kwa stima na kuimba peke yangu, palikuwa na saa nilipojiuliza nashikilia nini na kwa ajili ya nani.

Kuna jambo la kukosa kazi ambalo aliyeajiriwa hawezi kulijua. Siku hupotea. Jumanne inafanana na Alhamisi, saa nne asubuhi inafanana na saa tisa, unalala mchana usiku unakodoa macho darini. Parasha ndiyo iliyonirudishia siku zangu. Torati imegawanywa sehemu 54, na Wayahudi popote walipo husoma sehemu moja, yaani parasha, kwa wiki. Kila sehemu nayo ina vipande saba. Nikaamua kwamba hiyo ndiyo ajira yangu. Baada ya sala ya asubuhi nakaa kwenye stuli chini ya dirisha, shati limepigwa pasi, nasoma kipande cha siku hiyo pamoja na maelezo ya Rashi, yule mfafanuzi wa Ufaransa wa karne ya 11 anayeuliza maswali ya kitoto na kuyajibu kwa maneno machache. Jumatatu ikawa na cha kwake na Jumanne na cha kwake. Februari 2020 tukafika kwenye mana, chakula kilichooza kwa kila aliyejiwekea akiba isipokuwa kile cha Ijumaa kwa ajili ya Sabato. Nilikuwa na unga wa siku mbili. Zamani ile hadithi niliisoma nikaona inazungumzia ulafi; mwaka ule niliona kwamba hata mwenye kulishwa kwa muujiza alilala kila usiku hana kitu ndani ya hema, na kesho yake akatoka na chombo chake. Sikupata faraja kubwa humo. Nilipata sababu ya kutoka. Nikaanza kuwajazia watu wa mtaani fomu za kodi za KRA kwenye kompyuta ya saiba, shilingi mia, shilingi mia hamsini, na mwenye saiba tukagawana.

Kisha korona. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Rais akatangaza kwamba Mombasa, Kwale na Kilifi zingefungwa, hakuna kutoka wala kuingia, kuanzia saa moja jioni ya Jumatano tarehe 8. Nikaitazama kalenda mara mbili. Jumatano tarehe 8 jioni ndipo Pasaka yetu ilipokuwa ikiingia: usiku wa kusimulia kutoka utumwani ulikuwa unaanza sambamba na kufungwa kwa mji. Kwetu kusingefikika kwa vyovyote, maana Uganda ilikuwa imefunga mipaka kwa abiria tangu Machi.

Mikate niliipika mwenyewe uani. Sheria ni kwamba tangu maji yaguse unga hadi mkate uive zisipite dakika 18, la sivyo huhesabiwa umechachuka. Nilikuwa nimenunua kikaango kipya cha chapati, nikakiweka juu ya jiko la makaa mpaka kikatoa moshi. Bibi wa chumba cha pili, Mdigo aliyekuwa akiniita mwanangu tangu wiki ya kwanza, alileta kigoda akashika simu ili anihesabie dakika. Nikakanda, nikasukuma, nikatoboatoboa kwa uma, nikatupia.

“Mwanangu, hata mafuta hutii?”

“Sitii, bibi.”

“Wala chumvi?”

“Wala chumvi.”

“Na huo unga hujaulaza. Wakimbizwa na nani?”

Nikamwambia ndiyo hasa habari yenyewe, kwamba wazee wetu walitoka Misri wakikimbizwa. Akaunyamazia mkate wa kwanza, ukawa na madoa meusi pande zote, mgumu kama kigae. Wa pili akaomba kuonja. Akatafuna kwa adabu.

Vilivyosalia nilivipata hapohapo Likoni. Zabibu kavu za pilau nilizichemsha na kuzichuja, zikawa kinywaji changu cha vikombe vinne. Tende na korosho zilizopondwa zikawa udongo wa matofali ya Farao. Mboga chungu ndiyo iliyonifurahisha, maana Pwani kuna mchunga, na mchunga ni chungu kweli. Wadigo na Wagiriama huuchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, wakautia tui ili uliwe. Mimi niliutaka mbichi. Watoto wa nyumba walisimama mlangoni kunitazama nikitafuna jani lile, na mmoja akanikunjia uso kwa niaba yangu.

Usiku ule ni wa maswali. Mtoto humuuliza baba kwa nini usiku huu si kama mwingine. Talmudi ilishamfikiria mtu wa hali yangu: asiye na mwana aulizwe na mke, na aliye peke yake ajiulize mwenyewe. Nikajiuliza kwa sauti, nikajijibu kwa sauti, kama inavyotakiwa. Katikati ya mapigo kumi ya Misri ukuta ukagongwa. “Wasema na nani?” Nikasema nasema na nafsi yangu. Kimya kidogo, kisha: “Haya, msalimie.”

Kuanzia usiku wa pili wa Pasaka tunahesabu Omeri, usiku baada ya usiku, mpaka usiku wa 49, ndipo iingie sikukuu ya kupewa Torati. Alasiri nchi nzima ilikuwa ikisubiri hesabu za Wizara ya Afya kwenye redio, wangapi wameambukizwa leo, wangapi wamekufa, Mombasa ni wangapi. Usiku mimi nilikuwa na hesabu yangu. Baadaye mwezi ule Ramadhani ikaingia na misikiti imefungwa, adhana inasikika lakini ndani hamna safu. Ni hapo fundi seremala wa chumba cha mbele aliponijia na swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza Mombasa: mtu anasali vipi mwaka baada ya mwaka bila jamaa? Tarawehe zilikuwa zikimshinda peke yake, rakaa zinampotea, anachoka. Nilimweleza ninavyofanya. Saa ileile kila siku, nguo safi, mahali palepale, na kutamka maneno kwa midomo hata moyo ukiwa mbali. Tena usianze na ombi, soma kidogo kwanza. Alicheka kwamba Myahudi anamfundisha kuswali. Lakini usiku nilimsikia kupitia ukutani, na alikuwa akianza kwa kusoma juzuu yake.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani ile mama yangu alifariki Mbale.

Alizikwa siku hiyohiyo, kama tunavyofanya sisi na wanavyofanya Waislamu, nami nikalitazama kaburi kwenye simu iliyokuwa ikikatakata. Nilichana shati langu upande wa moyo, nikateremsha godoro kutoka kitandani. Siku saba mfiwa hukaa chini, hatoki, haogi kwa starehe, hapiki. Sikuhitaji kumweleza mtu Likoni maana ya kukaa matanga. Bibi alitandika mkeka ukumbini kabla sijafungua mdomo. Walijua nyama yao sili kwa sababu ya uchinjaji, kwa hiyo wakaleta mayai ya kuchemsha, tende na ndizi. Mayai ndiyo hasa chakula cha kwanza cha mfiwa kwetu, wala hakuna aliyewaambia. Idd iliangukia humo, Jumapili tarehe 24 Mei. Watoto walikuja na nguo mpya kunipa mkono, wakakaa kimya wakichezea vifungo, kisha wakaondoka mmoja mmoja kwenda kula pilau.

Nilitaka kumsemea mama Kadishi. Mwana wa marehemu husimama miezi 11 akiisema kila siku, na mimi nilikuwa mwanawe wa kiume pekee. Nikampigia mwalimu wetu wa Nabugoye, kule Mbale, nikamwambia huku watu wapo, nyumba imejaa, mkeka umejaa. Akaniuliza Wayahudi wangapi. Nikanyamaza. Akasema kumi wasipotimia hakuna Kadishi. Nisome Mishna kwa ajili yake, ndiyo desturi ya zamani, na thawabu humfikia. Nilikata simu nikiwa na hasira. Mtu amefiwa na mama, mipaka imefungwa, na jibu la dini yake ni mkusanyiko wa sheria za karne ya pili?

Sikuchagua fungu la Mishna kwa hekima yoyote. Nilikuwa na nakala ya moja tu iliyochapwa, Bava Metzia, niliyoachiwa na mwenzangu aliyerudi Uganda. Si kitabu cha matanga. Kinazungumzia vitu vilivyookotwa, amana, riba, punda wa kukodi, ukuta uliobomokea shamba la jirani. Nilisoma vifungu viwili asubuhi na viwili jioni, kwa Kiebrania changu cha kusuasua, nikilitaja jina la mama kabla ya kuanza. Nikiwa katika sheria za punda aliyekufa njiani, palikuwa na saa nilisahau kulia. Nadhani hiyo ilikuwa sehemu ya dawa.

Mlango wa saba unahusu vibarua. Aliyeajiri watu akawaambia waje mapema na kuondoka kwa kuchelewa, hawezi kuwalazimisha ikiwa desturi ya mahali si hiyo. Na palipo na desturi ya kuwalisha, awalishe. Halafu kuna kisa cha Rabi Yohanan ben Matya, aliyemtuma mwanawe akatafute vibarua. Kijana akapatana nao kwamba watapewa chakula. Baba akashtuka: hata ukiwaandalia karamu ya Sulemani hujatimiza ahadi yako, kwa kuwa hawa ni wana wa Abrahamu, Isaka na Yakobo, kimbia kabla hawajaanza kazi, upatane nao mkate na kunde tu. Nilikicheka kisa hiki peke yangu, cheko la kwanza tangu mama afe. Mkate na kunde! Chai ya asubuhi ya kila kibarua wa Mombasa, mahamri kwa mbaazi. Nikamsomea fundi seremala, akasema huyo baba ni tajiri wa kweli, anajua akiliacha neno wazi watamla mpaka nyumba.

Mlango wa tisa ndio ulionigeuza. Unaeleza ni lini ujira unakuwa umechelewa: kibarua wa mchana alipwe usiku usiishe, wa usiku alipwe mchana usiishe, na wa wiki au wa mwezi anayo saa yake pia. Haya niliyajua kutoka Kumbukumbu la Torati. Sikulijua la mbele yake. Mwajiri anavunja amri hii pale tu mfanyakazi anapodai. Asipodai, mwajiri hajavunja kitu. Na mfanyakazi akidai kwa wakati wake huapa na kulipwa. Kiapo anapewa yeye, si tajiri. Nilisoma mara tatu. Miezi yote ile nilikuwa nikisali Mungu aulainishe moyo wa mwajiri wangu. Kudai kwa kinywa changu mwenyewe sikuwahi. Niliona ni aibu, niliona nitaonekana nina dhiki, nikajipa moyo kwamba nasubiri kwa imani. Na hapa wazee wa Mishna, watu waliolima na kushona viatu, wananiambia kwamba kimya changu kinamfungua mwenye deni langu.

Nilimweleza fundi. Akaniambia nao wanayo, hadithi ya Mtume kuhusu kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, kila mtu anaijua. Akafikiri, akaongeza kwamba yeye mwenyewe anadai vitanda viwili tangu mwaka jana na hajamwendea aliye navyo.

Mji ulipofunguliwa mwezi Julai nilivaa shati la kazi, nikavuka feri, nikapanda matatu hadi ofisini. Nilikuwa na karatasi moja: miezi, kiasi cha kila mwezi, jumla, sahihi. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha chai, akaisoma karatasi, akasema neno ambalo lingeweza kuandikwa pembeni mwa Mishna ile. Alisema alidhani nilishasamehe, kwa sababu wenzangu walikuja kugomba mapema na kulipwa kiasi, mimi nikakaa kimya. Wiki ile iliingia sehemu kwenye M-Pesa. Sehemu, nasema, haikufika nusu. Nililipa kodi ya nyuma, nikamrudishia mwenye saiba deni lake, na nyingine nikaweka kando kwa nauli.

Desemba 2020 nilifika Mbale. Nabugoye ni kilima chenye upepo, mlima Wanale uko mbele yako, na sinagogi jipya la Stern lililofunguliwa 2016 limesimama juu yake. Rabi wake, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles, akapewa urabi mwaka 2008 na kurudi nyumbani. Niliingia sala ya asubuhi nikahesabu vichwa bila kujizuia. Walizidi kumi. Nikasema Kadishi ya mama, sauti ikakatika mahali, wakanisubiri. Ilikuwa nzito na ilikuwa njema, nami sitaki kuidogosha. Lakini niliposhuka kilimani nilijua kwamba mama nilikwisha kumuomboleza Likoni, katikati ya punda wa kukodi na vibarua wa Rabi Yohanan. Kaburini nilipofika sikuwa na mengi ya kumwambia. Nilimsomea fungu moja la Bava Metzia, shangazi akaniuliza kama akili zangu ni timamu.

Siku hizi nina kazi tena, ya nusu siku, Changamwe. Jumatano usiku tunasoma kwa simu, mmoja Nabugoye, wawili Kasuku, mimi Likoni. Watu wanne, hatufiki kumi wala hatuhitaji kufika, kwa maana kusoma hakuna hesabu. Tumerudi mwanzo wa Bava Metzia, kwenye vitu vilivyookotwa, na tumekwama wiki ya tatu tukibishana juu ya pesa zilizotumwa kwa makosa kwenye simu ya mtu, kama ni kitu kilichopotea au ni amana. Fundi seremala hutusikiliza kupitia ukutani na asubuhi huniletea maoni yake. Anasema ni amana, na nadhani ana haki. Vitanda vyake alilipwa.

Sehemu ya mshahara wangu iliyobaki haijalipwa mpaka leo. Kila mwisho wa mwezi naandika ujumbe wa adabu, nataja kiasi na tarehe, natuma. Meneja hujibu kwamba wananikumbuka. Nami namjibu kwamba bado nadai.